Somo: Kumhoji kijana mwenye selimundu

Kijana wa miaka 13 hadi 17 mwenye selimundu (ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu) amezoea maswali ya kliniki: maumivu yameanza lini, dawa umemeza? Ukianza na hayo atakujibu kwa mkato kama anavyomjibu daktari.

1. Ridhaa. Kwa aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi anasaini, lakini kijana naye aulizwe akiwa peke yake. Mwambie mapema na mpaka wa siri: akisema anaumizwa au anataka kujidhuru, utamshirikisha mtu wa kumsaidia.

2. Mahali. Chumba chenye mlango, karibu na choo. Anatakiwa kunywa maji mengi, na figo zake hazizuii maji vizuri, kwa hiyo haja ndogo haikawii. Zima kiyoyozi, baridi inaweza kuamsha maumivu. Kaeni pembe moja ya meza, msitazamane kama polisi na mtuhumiwa.

3. Mchoro. Mpe karatasi yenye umbo la mtu na kalamu za rangi, apake pale ugonjwa unapomgusa. Dakika 10, wewe kimya. Kisha: "Nieleze hapa." Usishangae akianza na macho badala ya viungo: umanjano ndio wenzake darasani wanaouona.

4. Siku moja. "Nisimulie jana, tangu ulipoamka mpaka ulipolala." Ugonjwa utajitokeza wenyewe: ndoo ya maji aliyokatazwa kubeba, kipindi cha michezo alichokaa kivulini. Ndipo uulizie mara ya mwisho alipolazwa. Epuka "kwa nini". "Kwa nini hukumeza dawa?" ni kesi, "siku hiyo ilikuwaje?" ni mazungumzo. Akinyamaza, hesabu moyoni hadi 10 kabla ya kuongeza neno. Wahoji wengi hushindwa hapa, wanamjazia jibu.

5. Ya aibu. Kukojoa kitandani na kuchelewa kubalehe viwe katikati, si mwishoni anapotaka kuondoka. "Wapo wanaokojoa kitandani, wapo wasiokojoa. Kwako ikoje?" Taja pande zote mbili, la sivyo umemwekea jibu mdomoni.

Dakika 45 zinatosha. Siku hiyohiyo andika ambacho kinasa sauti hakikushika: alipocheka, alipotazama mlango.

Maswali ya wahoji

*Mama hataki kutoka chumbani. Nifanyeje?*
Mwenzako amhoji mama wakati huohuo chumba cha pili. Ikishindikana, kaeni kwenye benchi nje, mama awaone lakini asisikie.

*Kila swali anajibu "kawaida" tu.*
Usiiruke. "Kawaida ya Jumatatu ikoje?" Au: "Mwenzako kaambiwa leo ana selimundu. Utamwambia nini ambacho daktari hatamwambia?"

*Maumivu yakianza katikati ya mahojiano?*
Simamisha hapohapo, usimalizie hata swali, mwite mzazi. Homa, kifua kuuma au kupumua kwa shida ni dharura, apelekwe hospitali. Akishapona, muulize upya kama ulichorekodi kitumike au kifutwe.