Bima na afya ya akili: mambo ya kukagua kabla hujaihitaji

Mwambie kijana wa miaka 23 akate bima ya matibabu, atakujibu kwamba yeye haugui ovyo. Presha, kisukari na figo ni mambo ya wazee wake. Huenda yuko sahihi, ila kuna maradhi yanayowaanza watu mapema. Shirika la Afya Duniani husema nusu ya matatizo ya akili huwa yameanza mtu akifika miaka 14, na tafiti zinazotajwa sana zinaonyesha kuwa robo tatu huwa yamejitokeza kufikia katikati ya miaka ya ishirini. Kama ni la kumpata mtu, lina nafasi kubwa ya kumpata akiwa chuoni, kwenye kibarua cha kwanza, au katika ule mwaka mrefu wa kutuma CV bila kujibiwa.

Na ndio umri huo huo bima inapomponyoka. Alikuwa mtegemezi wa mama au baba. Bima nyingi za binafsi nchini Kenya humwondoa mtoto akifika miaka 18, au humvumilia hadi 25 mradi alete barua ya chuo. Akihitimu, barua imekwisha. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza tarehe: jina langu linatoka lini kwenye kadi ya mzazi? Wengi hujua jibu wakiwa wameshafika kwenye dirisha la hospitali.

SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii inayoendesha bima ya afya ya serikali, ndio pa kuanzia, kwa kuwa ni ya lazima na ndiyo ya bei ya chini. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira rasmi hujibu maswali kuhusu hali ya nyumbani kwake, kisha hupangiwa kiasi ambacho hakishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi, naye hutakiwa kukilipa cha mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa kiwango cha chini hiyo ni 3,600. Kujisajili kwa *147# ni bure, na usajili peke yake, hata bila mchango, unakupa matibabu katika vituo vya ngazi ya 2 na 3, yaani zahanati na vituo vya afya. Mchango ndio unaofungua milango ya hospitali kubwa. Huduma za afya ya akili zimo katika orodha ya mafao, lakini nenda ukaulize kwenye dawati la SHA la hospitali utakayoitumia kweli: kliniki ya akili hapa huwa siku gani, na nikija bila kulazwa nalipa nini mwenyewe?

Hilo swali la kulazwa ndilo ningemtaka kila kijana aliulize, kwa SHA na kwa kampuni yoyote ile. Bima za bei nafuu zinazouzwa kwa vijana, pamoja na zile za kulipia kwa simu, mara nyingi zimejengwa juu ya kulazwa: umelala wodini usiku kadhaa, wanalipa. Kwa mguu uliovunjika au kidole tumbo mpango huo unafaa. Ila mtu mwenye sonona au wasiwasi uliopitiliza, mara nyingi halazwi kabisa. Anakaa na mwanasaikolojia saa moja kila wiki, anachukua dawa kila mwezi, anamwona daktari kila baada ya wiki chache, na jioni yuko kwake. Tiba karibu yote inapita kwenye fungu la wagonjwa wa nje, yaani wasiolazwa. Kama bima yako haina fungu hilo, ile sentensi ya brosha inayosema "afya ya akili imejumuishwa" ni kweli, na haitakusaidia.

Tupige hesabu ya mfano. Tiba ya kisaikolojia ya mazungumzo kwa kawaida huenda vikao 6 hadi 20. Tuseme umeandikiwa 12, kila kimoja shilingi 3,000. Hizo ni 36,000 kabla ya dawa. Sasa tuseme bima yako ina fungu la nje la 50,000 kwa mwaka. Unaona zinatosha, mpaka ufike ukurasa wa ndani unaosema ushauri nasaha una kikomo chake cha 15,000, au vikao vitano tu. Hicho kikomo kidogo ndani ya kikomo kikubwa ndicho wakala hakitaji, si lazima kwa ubaya, ila kwa sababu wateja hawamuulizi. Muulize kwa maandishi, kwa barua pepe au WhatsApp, na jibu lake ulihifadhi.

Mtu atasema kuna harambee. Zipo, na nimeona grupu la WhatsApp likichanga pesa za upasuaji kwa siku mbili. Lakini sijawahi kuona grupu la kuchangia vikao kumi na viwili vya mwanasaikolojia. Mgonjwa mwenyewe haombi, kwa haya. Na akiomba, kuna mjomba atakayesema kijana atafute kazi atapona. Haya maradhi hayana mfuko wa dharura katika jamii zetu, na ndiyo maana nayaona kuwa sababu nzuri zaidi ya kijana kuwa na bima kuliko hata ajali ya bodaboda.

Upande wa dawa, habari si mbaya sana. Dawa za zamani za sonona kama amitriptyline na fluoxetine ni za bei ya kawaida ukilinganisha na nyingi za kisasa. Kinachouma ni muda. Dawa za sonona huchukua kati ya wiki mbili na sita kabla hujahisi nafuu ya maana, na daktari hukutaka uendelee nazo miezi sita au zaidi baada ya kupata nafuu, kwa sababu ukizikatisha mapema hali inaweza kurudi. Kwa hiyo kagua kama bima inalipia dawa za kila mwezi au za wiki moja tu kila unapohudhuria, kwani ukifika mara nne kwa mwezi unalipa ada ya kumwona daktari mara nne. Vipimo navyo visisahaulike. Mtu aliyeandikiwa lithium, dawa ya kutuliza mabadiliko makali ya hisia, hupimwa damu mara kwa mara: kiwango cha dawa mwilini, figo, na tezi ya shingo. Dawa yenyewe inaweza kulipiwa, halafu maabara ikabaki juu yako.

Kuhusu wakati wa kukata bima: ukiwa mzima. Bima ya mtu binafsi huwa na kipindi cha kusubiri, na ugonjwa uliokuwapo kabla ya kujiunga husubiri zaidi, mara nyingi mwaka mzima, au huwekewa kikomo cha chini. Ukishaandikiwa kwenye faili kuwa una sonona, hiyo tayari ni hali iliyokuwapo kabla. Bima ya kundi, ile ya mwajiri, kwa kawaida hulegeza masharti haya, na hapo ndipo ajira ya kwanza ina thamani ambayo haionekani kwenye payslip. Ukiacha kazi, omba barua ya kuonyesha ulikuwa na bima tangu lini mpaka lini, na uulize kampuni ya bima kama unaweza kuendelea mwenyewe bila pengo, ili kusubiri kusianze upya.

Vipi kama umeshawahi kutibiwa? Fomu itakuuliza, nawe sema kweli. Najua kishawishi cha kuandika "hapana", na kuna watu watakushauri hivyo. Lakini kampuni ikigundua baadaye, na faili za hospitali huombwa pale dai linapokuwa kubwa, inaweza kukataa dai zima, hata la jambo lisilohusiana na akili. Bora kikomo kidogo kilicho halali.

Sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya ya mwaka 1989 ilikataza kampuni za bima kuwatenga watu wenye maradhi ya akili katika bima za matibabu, na marekebisho ya 2022 yakaongeza nguvu upande wa haki za mgonjwa. Pengo limebaki kwenye vikomo na masharti madogo madogo. Kampuni ikikukatalia huduma kwa kuwa tu ugonjwa ni wa akili, iandikie ikupe sababu kwa maandishi, kisha peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA.

Soma pia ukurasa wa mambo yasiyolipiwa, polepole. Tafuta maneno mawili: kujidhuru na vileo. Bima nyingi hazilipii jeraha ambalo mtu amejisababishia, wala matibabu ya uraibu. Mtu akijaribu kujiua, kinachompeleka chumba cha dharura ni dalili ya ugonjwa ambao bima inadai kuulipia, na bado bili inaweza kurudishwa kwa familia. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa pia mhalifu chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025. Lugha ya mikataba ya bima si lazima ifuate mahakama kwa kasi hiyo. Uliza wazi: nikilazwa kwa sababu hiyo, mnalipa wodi ya akili, mnalipa chumba cha dharura, au hamlipi chochote?

Kuna jambo la siri. Kama bado uko kwenye kadi ya mzazi, fahamu kwamba baadhi ya kampuni hutuma ujumbe kwa simu ya mwanachama mkuu kila kadi inapotumika. Umetoka kwa mwanasaikolojia saa tisa, na mama sokoni ameshasoma jina la kliniki na kiasi kilichokatwa. Wapo watakaofurahi mama ajue. Wengine wataacha kwenda kwa hofu ya ujumbe huo. Uliza kama namba inaweza kubadilishwa, na kwa bima ya kazini, uliza idara ya wafanyakazi huletewa nini: jumla ya matumizi ya kampuni nzima, au majina na magonjwa. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, hivyo si swali la ukorofi.

Watoa huduma ndio wa mwisho kukaguliwa, na hapa usitegemee orodha pekee. Madaktari bingwa wa akili wengi wako Nairobi. Ukiwa Lodwar au Lamu, orodha ya hospitali mia mbili haina maana kama hakuna hata moja karibu yenye daktari huyo. Kwako, swali kubwa ni kama kikao cha kwa simu kinalipiwa. Chagua majina mawili kutoka kwenye orodha na uwapigie: bado mnapokea kadi hii? Kliniki huacha kupokea kadi za kampuni zinazochelewa kulipa, na orodha hubaki vilevile. Kama unamtaka mwanasaikolojia fulani, hakikisha amesajiliwa na bodi iliyoundwa chini ya Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, kwa kuwa asiye na usajili hatalipwa hata awe hodari vipi. Na kampuni nyingi hutaka barua ya rufaa kutoka kwa daktari wa kawaida kwanza. Usipokuwa nayo, kikao cha kwanza utakilipa mwenyewe.

Ukiwa chuoni, anza na kitengo cha ushauri nasaha cha chuo. Katika vyuo vingi vya umma mwanafunzi halipi kitu, na barua ya rufaa inaweza kuanzia hapo. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu Kenya hupigwa bila malipo na haiulizi kadi. Namba yako ya uanachama na jina la kampuni mpe pia mtu mmoja unayemwamini, maana ikifika siku ya kuvitumia huenda si wewe utakayekuwa unajaza fomu.