Kinyama chekundu kwenye tundu la mkojo baada ya kukoma hedhi: jinsi ya kujikagua na cha kufanya

Umeshakoma hedhi zamani, afu siku moja unajifuta baada ya kukojoa unaona katone ka damu kwenye tishu. Wengi hapo wanasema "hedhi imerudi" au "hii UTI tu" wanameza antibayotiki basi. Sasa sikia, ukishapitisha miezi 12 bila kuona siku zako, damu inayokuja baada ya hapo haihesabiwi hedhi tena, lazima ijulikane imetoka wapi.

Anza kwa kujikagua mwenyewe, wala usione aibu ni mwili wako. Nawa mikono, chuchumaa juu ya kioo kidogo, washa tochi ya simu, tanua taratibu kwa vidole viwili. Juu kabisa ni kinembe, chini yake kuna kitundu kidogo ndo cha mkojo, chini zaidi ndo uke. Ukiona kinyama laini chekundu au cha pinki kimejitokeza kwenye ukingo wa chini wa hicho kitundu cha mkojo, ule upande unaotazama uke, mara nyingi inakuwa ni karunkeli, uvimbe usio wa saratani na unaowapata zaidi wanawake waliokoma hedhi. Kwa kawaida ni kadogo, milimita chache hadi sentimita moja hivi. Ila kama nyama imezunguka tundu lote kama pete na tundu liko katikati, hiyo ni kitu kingine, utando wa ndani wa mrija wa mkojo umeshuka, na matibabu yake yanaweza kutofautiana.

Hiki kinyama, yaani karunkeli, inaaminika kinatokea kwasababu homoni ya estrojeni imepungua. Ngozi ya uke na ya mrija wa mkojo zote zinaitegemea hiyo homoni, ikishuka zinakuwa nyembamba na kavu, utando wa ndani unaanza kuchungulia nje, unasuguana na chupi, unavimba. Sio uchafu na sio ugonjwa wa zinaa, kwahiyo usianze kugombana na mume.

Wengi hawasikii chochote. Wengine kinawasha, kinauma wakikojoa, au kinatoa damu kikiguswa, ndo maana watu wanatibiwa UTI mara tatu nne haiponi na mkojo hata haujaoteshwa maabara, yaani kuangalia kama kuna bakteria wanaokua humo. Omba uoteshwe kabla ya kumeza dawa nyingine.

Usikifunge uzi, usikikate, usikipake siki wala dawa ya chunjua, hapo pana mishipa ya damu kibao. Acha sabuni za manukato huko chini, maji matupu yanatosha, vaa chupi ya pamba isiyobana. Kikiuma kalia maji ya uvuguvugu kwenye beseni safi dakika 10 hadi 15, bila kuweka dettol wala chumvi ya kubahatisha.

Afu nenda kwa daktari wa magonjwa ya wanawake au wa njia ya mkojo, na hata kama kinyama umekiona kwa macho yako bado mwambie akuangalie na mfuko wa uzazi, maana unaweza kuwa na vyote viwili, kinyama nje na tatizo ndani, na saratani ya mji wa mimba dalili yake kubwa ni hiyo hiyo damu baada ya kukoma hedhi. Hili watu wanaliruka sana. Mweleze damu unaiona ukijifuta tu, au inachanganyika na mkojo, au inakuja kwenye chupi hata hujakojoa, inamsaidia mno.

Kama hakikusumbui anaweza kukiacha akawa anakiangalia tu. Kikisumbua mara nyingi utapewa krimu ya estrojeni ya kupaka, na inataka uvumilivu wa wiki kadhaa, usiache siku ya tano ukasema haifanyi kazi. Kama uliwahi kuwa na saratani ya matiti sema kabla hujaandikiwa. Kikiwa kikubwa, kigumu, kinakua haraka au dawa imeshindwa, kinakatwa na kupelekwa maabara kupimwa, na unaweza kuwekewa mpira wa mkojo kwa muda mfupi.

Usisubiri appointment kama mkojo umegoma kutoka, damu ina mabonge, au kinyama kimegeuka zambarau au cheusi na maumivu makali, hapo nenda emergency siku hiyo hiyo.