Kuondoa pesa za pensheni kwa serikali dhalimu ya nje: mwongozo kwa wanachama Mombasa

Serikali inayofunga na kuua raia wake haiendeshwi kwa bunduki peke yake. Hulipa askari, hununua mafuta, na zaidi ya yote hukopa. Sehemu ya pesa hizo hupitia mifuko ya pensheni ya nchi za mbali, na mfanyakazi wa bandari ya Kilindini au wa hoteli ya Bamburi anayekatwa mshahara kila mwezi ana haki ya kuuliza kama zake zimo.

Anzeni na pensheni, si Sacco. Sacco nyingi zimewakopesha wanachama wenyewe, na kinachobaki kiko benki au kwenye hati za serikali ya Kenya; swali la kuuliza huko ni moja tu, benki inayotunza amana zenu inamkopesha nani. Hisa za nje ziko kwenye pensheni. Kanuni za RBA, mamlaka inayosimamia mifuko ya pensheni Kenya, zinaruhusu hadi asilimia 15 ya mfuko iwekezwe nje ya nchi. Mwandikieni katibu wa wadhamini, yaani wanaousimamia mfuko kwa niaba yenu, mkiomba karatasi tatu: hesabu zilizokaguliwa, sera ya uwekezaji, na ripoti ya robo mwaka ya meneja wa uwekezaji. Pelekeni barua kwa mkono na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, maana barua isiyo na muhuri huambiwa haikufika.

Wengi hukwama kwenye ripoti ya meneja. Mstari wa uwekezaji wa nje mara nyingi hutaja jina la mfuko wa pamoja (unaochanganya pesa za wawekezaji wengi) na thamani yake kwa shilingi, basi, hakuna kampuni hata moja iliyoandikwa. Ombeni orodha kamili ya vilivyomo ndani ya mfuko huo na tarehe yake. Mkipewa kampuni kumi kubwa tu, rudini tena: mnayoitafuta huenda iko chini kabisa. Tazameni pia hatifungani, yaani hati za mkopo, za serikali yenyewe mnayoipinga. Mifuko ya hatifungani za nchi zinazoendelea huzinunua, na huo ni mkopo unaokwenda moja kwa moja kwa watawala.

Sasa chagueni walengwa, na msitupe wavu kila mahali. Wanaharakati wa Darfur walipunguza orodha yao hadi kampuni za mafuta, umeme, madini na silaha, wakaacha dawa, chakula na kilimo ili raia wa Sudan wasibebe mzigo wa watawala wao. Fuateni mfano huo. Kampuni ikiuza unga au simu za kawaida, iacheni. Ikiuza mitambo ya kunasa simu za wapinzani, iingie.

Jueni mapema kuuza hisa kunafanya nini na hakufanyi nini. Hisa ikiuzwa sokoni, mwingine huinunua. Kampuni ya mafuta ya Talisman ya Kanada ilibanwa miaka kadhaa hadi ikauza sehemu yake ya mafuta ya Sudan mwaka 2003, na mnunuzi akawa kampuni ya serikali ya India. Mafuta yakaendelea kutoka. Kinachouma ni kunyimwa pesa mpya. Mwaka 1985 benki ya Chase Manhattan ilikataa kuiongezea Afrika Kusini muda wa mikopo ya muda mfupi, benki nyingine zikafuata, randi ikaporomoka, na kufikia Septemba serikali ya makaburu ilisimamisha malipo ya madeni yake. Kwa hivyo sharti la kwanza kwenye azimio lenu liwe kutonunua hatifungani mpya wala kutoa mkopo mpya. Kuuza hisa zilizopo kuje baada ya hapo.

Azimio liwe fupi, lisomeke kwa dakika moja. Mfano:

“Mkutano unawaomba wadhamini: (1) kuanzia leo wasinunue hatifungani za serikali ya nchi X, wala hisa za kampuni inayoiuzia silaha, mafuta au mitambo ya upelelezi, (2) waziandikie kampuni hizo zilizomo kwenye mfuko na kuzipa siku 90 kujibu, (3) zisizojibu au zisizobadilika ziuzwe ndani ya miezi 12, (4) waripoti kwa maandishi katika mkutano mkuu ujao.”

Mkiandika “unawaamuru” badala ya “unawaomba”, neno hilo litawaponza. Kisheria wadhamini wanawajibika kulinda mafao ya wanachama, na wakili wao atalikataa azimio linaloonekana kuwafunga mikono au kuwatia hasara. Semeni nao kwa lugha ya hatari ya kifedha, na hoja hiyo ni ya kweli. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, soko la hisa la Moscow lilifungwa kwa wiki kadhaa, wageni wakakwama, na MSCI, kampuni inayotunga faharisi (orodha za hisa ambazo mifuko mingi huzifuata), ikaziondoa hisa za Urusi kwenye faharisi zake kwa bei ya karibu sifuri. Aliyekuwa ametoka mapema alitoka na pesa zake.

Katika mfuko wa michango maalum, yaani ule ambao mafao yako hutegemea michango na faida yake, angalau nusu ya wadhamini huteuliwa na wanachama. Waendeeni hao kwanza, mmoja mmoja, wiki kadhaa kabla ya mkutano mkuu. Mdhamini anayelisikia jambo mara ya kwanza ukumbini hujitetea tu. Sera ya uwekezaji hupitiwa angalau kila miaka mitatu: ulizeni inapitiwa lini, kwa sababu sharti likiandikwa ndani ya sera halifutiki wadhamini wakibadilika. Mfuko wa pamoja hauwezi kuuza kampuni moja kwa ajili yenu. Hapo kuna njia mbili, kuhamia mfuko wenye masharti ya kuchuja au kumwomba meneja akaunti ya peke yenu, na hii ya pili huwa ghali kwa mfuko mdogo. Ombeni gharama zote mbili kwa maandishi kabla ya kura.

Mombasa ina familia zenye jamaa katika nchi hizo. Asitajwe kwenye barua wala picha mtu ambaye ndugu zake wanaweza kufuatwa kule. Barua zote zitaje serikali na kampuni, kamwe si kabila wala raia wa nchi hiyo wanaoishi mtaani kwetu. Mkitaka mkutano wa hadhara au maandamano, taarifa ipelekwe polisi si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla.

Mauzo yakikamilika, msiridhike na barua ya meneja. Dai taarifa ya benki inayotunza hati za mfuko, ilinganishe mstari kwa mstari na orodha ya mwanzo, kisha iandikieni kila kampuni iliyouzwa sababu ya kuondoka kwenu na mpeleke nakala kwa wanahabari. Kampuni isipoambiwa kwa nini, itadhani ni biashara ya kawaida tu.