Subaru Impreza WRX kwenye joto la Mombasa: poza kwanza, nguvu baadaye

Foleni ya feri ya Likoni, mwezi wa pili, saa nane mchana. Upepo wa kaskazi umetulia, kiyoyozi kinavuma, magari hayasogei. Mshale wa joto wa Impreza yangu, ambao kwa miaka miwili ulikuwa haubanduki katikati, ukaanza kupanda. Nilizima kiyoyozi, nikafungua hita mpaka mwisho (hita ni rejeta ndogo, inasaidia kutoa joto la injini), nikajichomoa kwenye foleni na kuzima gari pembeni. Kosa lilikuwa limefanyika miezi minane nyuma. Fundi alinijazia maji ya kisima kwenye rejeta, na nilipohoji akanijibu, "Maji ni maji, ndugu yangu."

Si kweli. Visima vingi vya kisiwani na Nyali vina maji ya chumvi, na rejeta ya Subaru ni alumini. Tulipoifungua, nusu ya vijia vyake vilikuwa vimeziba kwa ukoko mweupe.

Mwongozo huu ni wa mwenye WRX ya 2000 hadi 2007 yenye injini ya EJ205, yaani lita 2.0 na turbo (kipuliza kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), iliyotoka kiwandani Japani na nguvu za farasi 250. Forester ya turbo ya miaka hiyo ina injini ya jamii hiyo hiyo. Vijana wengi wakinijia huuliza bomba gani la moshi lina sauti nzuri, au presha ya turbo iongezwe kiasi gani. Mimi huwarudisha kwenye maji, oili na breki. Hapa pwani gari hili lina maadui watatu, joto, chumvi na petroli isiyolingana na ile ya Japani, na hakuna hata mmoja anayeondoka kwa kuongeza presha.

Hatua ya 1: Mkanda wa taimingi kabla ya kitu chochote

Kama huna risiti inayoonyesha lini mkanda wa taimingi ulibadilishwa, uhesabu kwamba haujabadilishwa. Odomita hurudishwa nyuma, kila mtu anajua. Kiwanda kinautaka ubadilishwe kila kilomita 100,000. Kwa joto letu mimi sivuki 80,000. Mkanda ukikatika kwenye injini hii vali hugongana na pistoni, na hapo unazungumzia injini nyingine. Badilisha kwa pamoja mkanda, tenshena, puli zake zote na pampu ya maji. Pampu iko nyuma ya mkanda huo huo, kwa hiyo kuiacha ya zamani ni kulipa kazi moja mara mbili.

Hatua ya 2: Oili

Kila kilomita 5,000, bila kungoja. Natumia sinthetiki ya 5W-40, kiasi cha lita nne na kidogo. Pasha injini moto kidogo, inua gari, liweke juu ya stendi (kamwe usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake), mwaga, badilisha filta na wosha ya bolti. Bolti ya kumwagia oili inakazwa kwa 44 Nm (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Sampu (karai la oili chini ya injini) nyingi nilizoona zimeharibika nyuzi zake zilikazwa na mtu aliyetegemea nguvu za mkono. Kisha ngoja dakika kumi gari likiwa mahali tambarare kabla ya kusoma kijiti, kwa sababu silinda za injini hii zimelala ubavu na oili huchelewa kushuka. Baina ya alama ya chini na ya juu pana karibu lita moja, na turbo ndiyo ya kwanza kuumia oili ikipungua. Mimi hupima kila Ijumaa asubuhi.

Hatua ya 3: Maji, rejeta na feni

Hapa chukua siku nzima. Fanya kazi hii injini ikiwa baridi kabisa, ikiwezekana asubuhi ya pili baada ya gari kulala.

Fungua koki iliyo chini ya rejeta, mwaga maji yote kwenye beseni. Yaangalie. Yakiwa na rangi ya kutu kuna mtu aliwahi kutia maji matupu. Yakiwa na utando wa mafuta, simama hapo na umtafute fundi wa gasketi ya hedi. Jaza maji safi yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Washa gari na hita ikiwa imefunguliwa, liache lipate moto, zima, lipoe, mwaga tena. Rudia mpaka yanayotoka yawe meupe kama yaliyoingia. Yangu ilichukua mara tano.

Sasa changanya kulanti (dawa ya maji ya rejeta) na maji hayo ya betri nusu kwa nusu. Mfumo mzima unachukua kati ya lita 7 na 8. Watu huniambia kulanti ni ya nchi za barafu. Sisi hatuna barafu, lakini kulanti huzuia kutu ndani ya alumini, na pamoja na presha ya kifuniko hupandisha kiwango cha kuchemka kupita nyuzi 120. Maji matupu yasiyo na presha huchemka kwa 100.

Jaza kupitia tenki dogo la chuma lililo juu ya injini, wala si kupitia rejeta, kwa sababu hilo ndilo mahali pa juu kabisa. Legeza skrubu ya plastiki ya kutolea hewa iliyo juu ya rejeta, mimina polepole, na ukande hosi kwa mkono kama unayekamua ng'ombe mpaka mapovu yaishe. Funga skrubu, washa gari, hita iwe mwisho wa joto, na usubiri feni zizunguke na kuzima mara mbili. Zima, liache lipoe, ongeza palipopungua. Mfuko wa hewa uliobaki ndani ndio unaoua injini hizi baada ya kazi ambayo ilionekana nzuri.

Vifuniko ni viwili, cha tenki na cha rejeta, na presha zake si sawa. Usivibadilishane. Ukinunua kipya, soma namba iliyo juu ya kile cha zamani. Thermostati nayo tafuta ya Subaru yenyewe, inayofunguka karibu nyuzi 78. Zile za bei rahisi huwa ndogo kwa umbo na hupitisha maji machache. Ziweke mbili mkononi pamoja utaona tofauti kwa macho.

Kisha osha mapezi ya rejeta na ya kondensa ya kiyoyozi kwa maji ya bomba yasiyo na kasi, ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda nje. Vumbi la Kibarani likichanganyika na unyevu wa bahari hushika kama udongo wa kufinyangia.

Jaribio lina sehemu mbili. Unganisha kisomeo cha joto kwenye kompyuta ya gari, kwa sababu mshale wa dashibodi huganda katikati hata joto likibadilika sana, na ukianza kusogea umeshachelewa. Kwanza panda kutoka Kombani mpaka Kwale mjini, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Kisha simama kwenye foleni ya feri adhuhuri. Gari lenye afya husoma kati ya nyuzi 85 na 100 na feni hulishusha. Likivuka 105, rudi mwanzo wa hatua hii. Na ukiona mapovu yasiyokoma kwenye chupa ya akiba injini ikiwa moto, moshi wa silinda unapenya kwenye maji. Gasketi ya hedi imeshindwa na hakuna dawa ya kumimina itakayoiponya.

Hatua ya 4: Chumvi

Wakati wa bamvua maji hupanda kwenye rampu ya feri, na ukipita yanarukia chini ya gari. Siku hiyo hiyo, jioni, osha chini kwa maji baridi: matao ya nyuma, mabano ya shoki za nyuma, paipu za breki. Impreza huanza kuoza kwenye matao ya nyuma, kutoka ndani kuja nje, kwa hiyo kiputo kidogo cha rangi pale kina shimo nyuma yake. Kama gari lako lilitoka Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, huenda lilifika Kilindini tayari limeanza.

Sipendi ile rangi nyeusi ya lami inayopakwa chini ya magari. Ikipasuka kidogo, chumvi huingia na kukaa ndani bila kuonekana. Napaka nta ya kuzuia kutu kila mwaka kabla ya masika, baada ya kusugua na kukausha. Safisha pia nyaya za athi zinazofungwa kwenye bodi, paka grisi ya umeme kwenye soketi za sensa. Nimeona gari likikosa nguvu mwezi mzima, likabadilishiwa koili na plagi zote, kumbe ni waya mmoja wa athi uliogeuka unga wa kijani.

Hatua ya 5: Breki, tairi, shoki

Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu ina unyevu mwingi. DOT 4 (daraja la mafuta hayo) mpya huchemka kwa nyuzi 230 au zaidi. Ikishanyonya maji, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. Ukiteremka Kwale huku umekanyaga breki, yakichemka pedali huzama mpaka chini. Yabadilishe kila mwaka, chupa mpya iliyofungwa, usitumie iliyobaki ya mwaka jana. Ukifunga pedi mpya, tafuta barabara tupu, punguza mwendo kutoka 80 mpaka 20 mara nane au kumi bila kusimama kabisa, kisha endesha taratibu zipoe.

Tairi za mtumba ziko kila kona. Soma ubavuni mwa tairi tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyopita miaka sita siiweki kwenye gari la turbo, hata kama meno yake yamejaa. Rimu za WRX hii ni tundu tano kwa 100 (tundu tano kwenye duara la milimita 100), lakini STI, ndugu yake mwenye nguvu zaidi, ya 2005 kuendelea ni tano kwa 114.3, kwa hiyo usinunue kwa macho. Nati zikazwe kwa 100 Nm.

Shoki: usishushe gari zaidi ya sentimita tatu. Matuta yetu hayasamehe.

Hatua ya 6: Sasa nguvu, na inaanza kwenye petroli

Gari hili lilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo vituoni kule huuzwa ikiwa na RON (kipimo cha petroli kustahimili kugonga) karibu 100. Super yetu kwa viwango vya hapa inatakiwa isipungue 93. Tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe. Petroli yenye RON ndogo, ikikutana na hewa moto na presha ya turbo, hulipuka yenyewe sehemu ya silinda kabla ya moto wa plagi kuifikia. Injini inagonga. Sensa husikia, kompyuta huchelewesha cheche, na nguvu hupungua. Ikiendelea hivyo, kingo za pistoni zinazoshika ringi hukatika. Kwa hiyo WRX isiyoguswa hapa Mombasa tayari haina farasi 250, na anayeongeza presha bila kulipanga upya gari anaongeza kugonga.

Fanya hivi. Tafuta kebo na programu ya kusoma kompyuta ya Subaru. RomRaider ni ya bure. Tazama vitu vitatu: joto la hewa inayoingia, masahihisho ya kugonga, na namba iitwayo IAM, inayoonyesha kompyuta inaiamini petroli yako kiasi gani. Kamili ni 16 kwenye kompyuta za zamani, na 1 kwenye za baadaye. Rekodi kwa daino (mashine ya kupimia nguvu za gari) ukiipata. Kama ni barabarani, alfajiri, pasipo watu, gia ya tatu kutoka mizunguko 2,500 hadi 5,000, mwenzako ashike kompyuta, na usipite mwendo unaoruhusiwa. IAM ikiwa chini ya kamili, usinunue chochote cha kuongeza nguvu.

Kitu cha kulipia kwanza ni tyuni (kuipanga upya kompyuta ya injini) ya petroli yetu kwa presha ile ile ya kiwanda. Mwambie mtyuni hivyo hivyo: cheche ipangwe kwa RON 93, na mchanganyiko uongezwe petroli kidogo mzigo unapokuwa mkubwa. Gari langu lilipotoka pale sikulitambua. Lilivuta sawasawa kutoka chini mpaka juu bila ile kusita ya mchana wa joto. Bomba pana la moshi linaweza kufuata baadaye, lakini kumbuka kwamba kwa gari la turbo bomba likifunguka presha hupanda yenyewe, kwa hiyo lipangwe upya tena. Ukipandisha presha, tumia plagi za daraja moja baridi zaidi, 7 badala ya 6 za NGK.

Mambo mawili usifanye. Usiondoe boksi la filta na kuweka filta ya koni iliyo wazi ndani ya boneti, maana itavuta hewa ya tanuri, na uingizaji wa kiwanda huchota hewa ya nje. Na usifunge vali inayopuliza hewa nje kwa sauti ya "pshii". Sensa imeshaihesabu hewa hiyo na kompyuta imeshatoa petroli yake. Ukiitupa nje, petroli inabaki bila hewa na injini inakohoa moshi mweusi kila ukibadilisha gia.

Baada ya tyuni, endesha wiki moja na petroli ya vituo mbalimbali, kisha rekodi tena mahali pale pale, saa ile ile. Na kama tyuni ilifanyika Julai, wakati wa kusi na ubaridi wake, rudia vipimo Februari, saa nane mchana, mara tu unapotoka kwenye feri na injini imeloweka joto la foleni. Mwaka huu yangu ilisoma nyuzi 94 foleni nzima, na nilipopanda upande wa pili IAM ilibaki 1.