Kuomba Chuo cha Udaktari wa DO Marekani: Anza na Swali la Mwisho

Mama yangu kule Tanga huwaambia majirani kwamba mwanawe ni daktari wa mifupa. Nimemweleza mpaka nimechoka. Kosa si lake, neno osteopathi lenyewe limebeba mfupa. Lakini daktari mwenye shahada ya DO (Doctor of Osteopathic Medicine, yaani udaktari wa osteopathi) hapa Marekani ni daktari kamili kama mwenye MD, ile shahada ya udaktari iliyozoeleka: anaandika dawa, anapasua, anaweza kupewa leseni katika jimbo lolote kati ya majimbo 50. Mimi natibu presha, kisukari na watoto wenye mafua. Sean Conley, aliyekuwa daktari wa Rais Trump, na Kevin O'Connor wa Rais Biden, wote ni DO.

Nimeomba mara mbili. Mara ya kwanza sikuitwa hata kwenye usaili mmoja, mara ya pili niliitwa vyuo vitatu. Baadaye nikawa naketi upande wa pili wa meza, nikiwasaili waombaji wa chuo nilichosoma. Ninayoandika hapa ni kwa Mswahili mwenzangu aliyeko Marekani au anayekuja kusoma huko, na nitayapanga kuanzia mwisho, kwa sababu nilipoyapanga kuanzia mwanzo nilifeli.

Hatua ya 1: Jibu "Kwa nini DO?" kabla hujafungua fomu

Swali hili utaulizwa kwenye fomu za chuo na utaulizwa tena kwenye usaili. Ukilijibu kwanza, utajua ufuatane na daktari gani, uandike insha ipi, umwombe nani barua. Ukiliacha hadi usiku wa kuamkia usaili, utajibu nilivyojibu mimi kwenye usaili wangu wa kwanza kabisa: "Kwa sababu DO humtazama mtu mzima, si ugonjwa tu." Msaili akatabasamu. Akaniuliza, kwani MD wanamtazama nusu mtu? Nikabaki mdomo wazi.

Soma historia kwanza. Andrew Taylor Still, mwanzilishi wa osteopathi, alikuwa tabibu wa maeneo ya walowezi aliyepoteza watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo mwaka 1864. Dawa za zama zile, zebaki ikiwemo, zilimkatisha tamaa. Mwaka 1892 akafungua chuo chake mjini Kirksville, Missouri, na darasa la kwanza lilikuwa na wanawake ndani yake. Mafundisho aliyoyaacha yanajumlishwa leo katika kanuni nne: mtu ni kitu kimoja, mwili, akili na roho; mwili una uwezo wa kujirekebisha na kujiponya; umbo la kiungo na kazi yake hutegemeana; na tiba ya busara hujengwa juu ya hayo matatu. Usizikariri kama kasida. Tafuta moja uliyoiona kwa macho yako.

Wengi wetu tulianza kwa kubeba boksi, tukahamia nyumba za wazee kama wasaidizi wa wauguzi. Basi hapo una hazina. Jibu langu la usaili uliofuata lilitoka huko huko: bibi mmoja alikuwa akianguka kila wiki, na kila akianguka anaongezewa dawa ya maumivu. Akaja daktari mmoja, DO, akamwambia atembee kwanza. Akatazama viatu, akashika nyonga na mgongo kwa mikono yake, akapitia orodha ya dawa, akaondoa moja iliyokuwa ikimletea kizunguzungu. Simulia kitu cha namna hiyo, na neno "mtu mzima" huna haja ya kulitamka. Jina la mgonjwa na chochote kinachoweza kumtambulisha, usivitaje kamwe. Waombaji hukosa nafasi kwa hilo.

Kuna mtego unaotuhusu sisi hasa. Wengi tuna bibi au mjomba aliyekuwa mkandaji, anayenyoosha viungo kwa mafuta ya nazi. Unaweza kumtaja, ila usiseme tiba ya mikono ya DO, yaani kutibu misuli na viungo kwa mikono, ni ile ile ya bibi. Wanafunzi wa DO husoma tiba hiyo kwa takribani saa 200 juu ya masomo ya kawaida ya udaktari, pamoja na anatomia yake na hali ambazo hairuhusiwi kufanywa. Msaili mkali anaweza kukuuliza ushahidi wake wa kisayansi ukoje. Sema kweli: maumivu ya chini ya mgongo yana ushahidi mzuri zaidi, baadhi ya mbinu, hasa zile za fuvu la kichwa, zinapingwa hata na madaktari wa DO wenyewe. Ukweli huo haujawahi kumponza mtu niliyemsaili.

Hatua ya 2: Mfuate daktari wa DO kazini

Huwezi kusema unaitaka njia ambayo hujawahi kumwona mtu akiipita. Saa 40 au 50 na daktari mmoja anayekujua kwa jina ni bora kuliko saa tano tano kwa madaktari kumi. Mpigie simu meneja wa kliniki, usimwandikie daktari barua pepe ndefu asiyoisoma. Kama nyumba ya wazee unayofanyia kazi inatembelewa na DO, umeshafika. Na siku ya mwisho mwombe barua ya mapendekezo papo hapo, angali anakukumbuka. Vyuo vingi hutaka barua ya daktari, na baadhi hupendelea awe DO. Barua nyingine huwa za walimu wa sayansi, kwa kawaida wawili.

Hatua ya 3: Alama na MCAT

MCAT, mtihani wa kuombea vyuo vya udaktari, ni wa karibu siku nzima, saa saba na nusu ukihesabu mapumziko. Alama zake huanzia 472 hadi 528, kila sehemu kati ya nne ikiwa na 118 hadi 132. Wanaoingia vyuo vya DO miaka ya karibuni wana wastani wa karibu 504. Sehemu inayotuumiza ni ile ya kusoma vifungu na kupima hoja, maana Kiingereza tulichofundishwa ni cha kujibu, si cha kubishana na mwandishi. Hakuna dawa ya haraka. Soma kila siku makala ndefu za falsafa, historia na sanaa, miezi mitatu kabla ya mtihani, kisha jiulize mwandishi anamshambulia nani.

Usimwamini atakayekuambia kwamba vyuo vya DO hufuta alama mbaya ukirudia somo. Ilikuwa hivyo zamani. Tangu 2017 kila jaribio linahesabiwa.

Kama ulisoma chuo nyumbani, transkripti yako lazima itathminiwe somo kwa somo na taasisi kama WES. Anza miezi mitano kabla, maana chuo chako cha nyumbani ndicho kitakachochelewesha. Na vyuo vingi vitataka masomo ya sayansi uliyoyasoma ndani ya Marekani, kwa hiyo uliza kila chuo kabla ya kulipa ada.

Hatua ya 4: Ingia dirisha linapofunguliwa

Fomu ya vyuo vya DO inaitwa AACOMAS. Hufunguliwa mwezi Mei. Vyuo vya umma vya Texas vina mfumo wao, TMDSAS. Ada ya chuo cha kwanza ni karibu dola 200, kisha unaongeza kwa kila chuo, na vyuo vyenyewe vitakudai tena kwa fomu zao za pili. Kuna msamaha wa ada kwa wenye kipato kidogo, nao hutolewa kwa waliowahi, basi omba siku ya kwanza.

Hapa ndipo nilipoanguka mara ya kwanza. Niliona tarehe ya mwisho ni mwakani, nikajiambia nina muda, nikatuma mwezi Oktoba. Sikuelewa kwamba vyuo hivi hujaza viti kadiri maombi yanavyoingia, kama daladala ya Mbagala: tarehe ya mwisho ni ya mlango kufungwa, ila viti vimeshaisha zamani. Kuhakiki transkripti peke yake huchukua wiki kadhaa. Tuma Juni. Ukichelewa hadi Oktoba na alama zako ni za kawaida, heri usubiri mwaka mwingine uokoe pesa.

Insha ina herufi 5,300 pamoja na nafasi. Usianze na utoto wako wala malaria uliyougua ukiwa na miaka sita. Tumezisoma sana insha hizo, na zetu Waafrika ndizo zinazofanana kupita zote. Anza na siku moja kazini. Kila uzoefu kwenye fomu unapewa herufi 600, basi andika ulichofanya wewe, na acha kuandika taasisi inafanya nini.

Fomu za pili zikija, zijibu ndani ya wiki mbili. Vyuo vingine hudai pia mtihani wa Casper, unaopima busara yako kwa visa vya mahusiano kazini.

Hatua ya 5: Usaili

Soma saa ya mwaliko mara mbili. Vyuo huandika saa za kanda yao. Ukiwa Dallas na chuo kiko Pennsylvania, saa 9:00 yao asubuhi ni 8:00 yako, yaani saa mbili, si saa tatu. Nilimngojea kijana mmoja kwenye video dakika 40 kwa kosa hilo. Zima pia WhatsApp kwenye kompyuta. Kwenu hawajui una usaili, na shangazi atapiga.

Usaili uko wa namna mbili. Wa kwanza ni mazungumzo na msaili mmoja au jopo, ambalo huenda limesoma faili lako au halijasoma neno. Wa pili ni MMI, mtindo ulioanzia Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada: unapita vituo kadhaa, unasoma kisa kwa dakika mbili hivi, kisha unakijadili kwa dakika sita hadi nane. Kisa kinaweza kuwa cha mwanafunzi mwenzako uliyemwona akiiba mtihani, au mama anayekataa chanjo ya mtoto. Hawatafuti jibu moja. Wanataka wasikie ukiwasemea watu wote waliomo ndani ya kisa, halafu uchague upande na useme kwa nini. Wengi wetu husimama kwenye "inategemea" na kuishia hapo.

Sasa kuna jambo ambalo vitabu vya maandalizi havitakuambia, kwa kuwa havikuandikwa kwa ajili yetu. Tumelelewa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tunasema "tulifanya" hata pale tulipofanya peke yetu. Tunainamisha macho mbele ya mkubwa. Yote hayo ni adabu, na kwenye meza ya usaili yanasomeka vingine kabisa: "tulifanya" inasikika kama hukufanya kitu, na macho chini yanasomeka kama unaficha jambo. Huna haja ya kugeuka mtu mwingine. Jizoeze vitu viwili tu. Kwanza, kila sentensi kuhusu kazi yako ianze na "mimi". Pili, tazama kamera, si uso ulio kwenye skrini. Jirekodi kwa simu ukijibu maswali matatu: kwa nini DO, kwa nini chuo hiki, na lini ulishindwa jambo. Jitazame hata kama unaona aibu, na utaona aibu.

Kuhusu "kwa nini chuo hiki": vyuo vingi vya DO vilianzishwa kuhudumia vijiji na maeneo yasiyo na madaktari. Soma dhamira ya chuo. Kama wewe ni mtu wa jiji na huna nia ya kuondoka, usiahidi kijiji. Msaili atakuuliza mji gani mdogo umewahi kuishi, na hapo Muheza au Kisii inahesabika. Wengi wetu tumezaliwa mbali na hospitali na tunasahau kulisema.

Ukiulizwa lafudhi yako au asili yako, jibu kwa ufupi na uende mbele. Mwisho ukiambiwa uulize swali, uliza: wanafunzi wa mwaka wa tatu wanafanyia mazoezi hospitali zipi, na nani anawapanga? Vyuo vingi vya DO havina hospitali yao. Vingine huwatawanya wanafunzi majimbo mawili mbali, na utahitaji gari na nyumba nyingine. Uliza pia wangapi walipata nafasi ya residensi, yaani mafunzo ya hospitalini baada ya kuhitimu. Tangu 2020 residensi za DO na MD ziko chini ya mfumo mmoja wa ACGME, chombo kinachoidhinisha mafunzo hayo, ila wanaowania fani zenye ushindani mara nyingi hufanya USMLE, mitihani ya leseni ya MD, juu ya mitihani yao ya COMLEX.

Hatua ya 6: Ukikubaliwa, piga hesabu kabla ya kuruka

Kuanzia Julai 1, 2026 mkopo wa serikali kuu uitwao Grad PLUS umefungwa kwa wakopaji wapya. Mkopo wa serikali kuu uliobaki kwa wanafunzi wa udaktari una kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, na ada peke yake kwenye vyuo vingi binafsi vya DO inapita hiyo 50,000 kabla hujala. Mwenye grini kadi anaruhusiwa mkopo huo, mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi, na baadhi ya vyuo vitamdai aoneshe au aweke benki ada ya mwaka mzima au zaidi. Ufadhili wa jeshi na ule wa NHSC, mpango wa serikali wa kupeleka madaktari maeneo yenye uhaba, ni wa raia tu. Kama uraia wako uko njiani, huenda mwaka mmoja wa kusubiri ukakuokolea pesa nyingi.

Unayetaka kurudi nyumbani kufanya kazi, liandikie baraza la madaktari la nchi yako kabla ya kulipa amana, na ueleze kwamba ni DO wa Marekani. Uingereza na sehemu nyingi za Ulaya osteopathi ni fani nyingine, isiyo ya udaktari, na karani asiyejua atakuweka kapu hilo.

Kisha yatakuja makaratasi ya afya: chanjo, homa ya ini B, kipimo cha kifua kikuu. Wewe una kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, begani. Wakitaka kukuchoma kipimo cha kifua kikuu cha ngozi, waombe cha damu, maana cha ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya BCG tu, na utajikuta unapigwa eksirei na kuandikiwa vidonge vya miezi kadhaa wiki ambayo wenzako wanafungua masomo.