Bustani ya mboga majira ya baridi: kuijenga kabla ya jalidi na kuitunza baada yake

Mboga nyingi zinazokufa majira ya baridi haziuawi na baridi peke yake. Nyingine huoza kwa maji yaliyotuama kwenye mizizi, nyingine huungua mchana chini ya nailoni ambayo hakuna aliyeifunua, na nyingine hukutwa na jalidi (baridi inayogandisha umande) zikiwa bado miche. Ndiyo maana kazi nyingi hapa chini ni za kufanya kabla baridi haijakolea.

1. Tafuta mahali baridi inapokaa

Hewa baridi ni nzito, hivyo huteremka na kujikusanya mabondeni, na hata nyuma ya ukuta au ua uliozibwa upande wa chini. Mboga laini zisiwe hapo. Kipimajoto kiweke kwenye kimo cha majani, mbali na ukuta wa nyumba. Usiku usio na mawingu wala upepo, joto la karibu na ardhi hushuka nyuzi kadhaa chini ya lile la utabiri, kwa kuwa vipimo vya utabiri huchukuliwa juu zaidi. Utabiri ukisema nyuzi 3, jiandae kwa jalidi.

2. Amua kipi kibaki na kipi king'olewe

Nyanya, pilipili hoho, maharage, matango, maboga, bamia na mchicha havivuki jalidi. Vuna vilivyopo, nyanya zilizoanza kubadilika rangi zitaivia ndani ya nyumba. Kabichi, sukuma wiki, spinachi, karoti, bitiruti na liki (jamii ya kitunguu) hustahimili. Njegere ina mtego wake: mche huvumilia jalidi nyepesi, lakini maua na maganda machanga huharibika. Sukuma wiki na karoti hata huongezeka utamu, kwa sababu baridi huufanya mmea ujaze sukari kwenye seli zake, na maji yenye sukari hayagandi upesi.

Muhimu kuliko orodha hiyo ni tarehe. Urefu wa mchana, tangu jua kuchomoza hadi kuzama, unapokuwa chini ya saa 10, mboga karibu zinasimama kukua hata zikifunikwa vizuri. Tafuta tarehe hiyo ya kwenu, kisha hesabu kurudi nyuma siku za kukomaa zilizoandikwa kwenye pakiti ya mbegu, na uongeze wiki 2 kwa sababu ukuaji hupungua kadiri siku zinavyofupika. Lengo ni mboga ifikie tarehe hiyo ikiwa angalau robo tatu ya ukubwa wake. Kuanzia hapo bustani inakuwa ghala: unavuna kilichopo, hutegemei kipya.

Kitunguu saumu ndicho kinachopandwa baridi ikiingia, kwa kuwa kinaihitaji. Kikikosa wiki kadhaa za baridi, mara nyingi hutoa tunguu moja la mviringo lisilo na punje. Panda punje kubwa, ncha juu, kina cha sentimita 5, nafasi ya sentimita 10 hadi 15, na mistari ipishane sentimita 30.

3. Tayarisha matuta

Inua tuta sentimita 20 ili maji ya ziada yashuke njiani. Tandaza mboji iliyooza vizuri, unene wa sentimita 3 hadi 5, bila kuifukia. Usiweke yurea wala samadi mbichi wakati huu: naitrojeni huchochea majani mororo, na hayo ndiyo ya kwanza kuungua kwa jalidi. Kabla ya kulima, bana udongo kiganjani. Ukishikamana na kuacha tope mkononi, uache. Ukiukanyaga hivyo unashindiliwa na mizizi inakosa hewa.

Tuta lisilo na mboga lisikae uchi. Wiki 4 hadi 6 kabla ya jalidi, lisie ngano au shayiri pamoja na mikunde inayostahimili baridi, kisha ukate na kulaza majani hayo juu ya udongo wiki 3 kabla ya kupanda tena.

4. Matandazo, lakini kwa akili

Kwa karoti, liki na kitunguu saumu, tandaza nyasi kavu au majani makavu unene wa sentimita 10, juu ya udongo wenye unyevu. Acha sentimita 5 wazi kuzunguka kila shina, la sivyo shina huoza na konokono hupata makazi. Kwa mboga laini za majani, matandazo mazito yanaweza kudhuru: huzuia joto la udongo lisipande usiku, na majani yaliyo juu yake hupoa zaidi kuliko yale yaliyo juu ya udongo mtupu wenye unyevu. Kwa hizo, kifuniko kinafaa zaidi.

5. Matao na kifuniko

Kwa tuta la upana wa mita 1.2:

- Kata bomba la plastiki la milimita 20 vipande vya mita 2.4.
- Chomeka kila ncha kina cha sentimita 25. Utapata tao la kimo cha takriban sentimita 60.
- Weka tao kila baada ya mita 1, na ufunge fito moja juu kwa urefu wote. Bila fito, upepo hulaza matao yote upande mmoja.
- Kifuniko kiwe na upana wa mita 2.5, ili kila upande ubaki na takriban sentimita 30 za kukandamizwa kwa mawe au mifuko ya mchanga.

Kitambaa chepesi cheupe kisichofumwa, cha gramu 17 hadi 30 kwa mita ya mraba, kwa kawaida huongeza nyuzi 1 hadi 3 na hupitisha mvua na hewa. Kizito zaidi kinakinga zaidi ila kinapunguza mwanga. Mimi ningeanza na kitambaa hata kama nailoni ipo, kwa sababu nailoni inadai mtu wa kuwepo kila siku. Jua likitoka tu, ndani yake panaweza kupita nyuzi 25 huku nje ni 8. Ifungue ncha zote mbili asubuhi, ifunge saa moja au mbili kabla ya jua kuzama. Jani lisiiguse: linapogusa ndipo jalidi inapoliunguza.

Matone mengi ndani ya kifuniko mchana ni dalili ya hewa kukwama. Ugonjwa wa ukungu wa kijivu hufuata.

6. Maji

Chomeka kidole sentimita 5. Kama kuna unyevu, usimwagilie. Ukimwagilia, iwe asubuhi joto likishapita nyuzi 5, kwenye udongo na si kwenye majani. Udongo wenye unyevu huhifadhi joto kuliko mkavu, hivyo mwagilia mchana wa kabla ya jalidi ikiwa ardhi imekauka. Mipira na mabomba ya nje yamwagwe maji yote: maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kupasua viungo.

7. Asubuhi ya jalidi

Usivune jani lililoganda. Subiri liyeyuke lenyewe, vinginevyo litageuka ute. Usikanyage nyasi za uani zikiwa nyeupe, kwani nyayo hubaki za kahawia kwa wiki. Theluji ikilalia kifuniko, ipukute kwa ufagio ukianzia ndani. Matawi yaliyoungua yaache hadi hatari ya jalidi ipite: yanakinga machipukizi ya chini, na ukiyakata sasa mmea huchipua mapema na kuungua tena.

Joto likirudi, funua kwa saa chache kila siku kwa muda wa siku 7 hadi 10 kabla ya kuondoa kifuniko kabisa, na kagua upande wa chini wa majani. Vidukari hupitisha baridi humo vikiwa salama, bila wadudu wanaovila, na huongezeka ndani ya siku chache.