Venye unaweza kutoboa matundu madogo kwenye stenlesi ukitumia leza

Kama umewahi kujaribu kutoboa stenlesi na biti ya drili ya nusu mili unajua hasara yake. Biti inateleza, ukikazana chuma kinapata moto kinazidi kuwa kigumu, halafu tap, biti imekatikia ndani. Sasa mteja anakuja hapa Kibuye, Kisumu, anataka chujio ya asali, bati ya 304 (aina ya stenlesi) ya unene wa 0.5 mm, matundu ya 0.4 mm, na anataka elfu mbili. Hio ni kazi ya leza, na inawezekana hata na mashine ndogo ya kuandika majina kwa vyuma bora uielewe.

Kwanza hakikisha ni leza ya faiba, ile ya 1064 nm (nanomita, urefu wa wimbi la mwangaza wake). Ile ya tyubu ya gesi watu wanakatia mbao na plastiki hapa mjini haitatoboa, mwangaza wake mwingi unarudishwa na hio stenlesi na wati zake ni kidogo, usipoteze siku yako.

Kitu watu wengi hawajui ni kwamba hio leza haichomi chuma mfululizo kama gesi ya kukatia, inapiga mapigo. Yangu ni ya wati 30, nikiiweka ipige mara 30,000 kwa sekunde kila pigo linabeba milijuli 1 tu, kidogo sana, lakini pigo lenyewe linaisha kwa nanosekunde kama 100 (nanosekunde ni sekunde moja ukiigawa mara bilioni) kwa hivyo kwa huo muda mfupi nguvu yake ni kilowati 10, na zote zimebanwa kwa nukta ya mikroni 50 hivi (0.05 mm). Chuma hapo hakipati nafasi ya kusambaza joto, kinayeyuka, kingine kinageuka mvuke moja kwa moja, na huo mvuke ndio unarusha uji wa chuma nje ya tundu. Kila pigo linatoa kitu kidogo sana. Kwa hivyo ukiona haitoboi usikimbilie kuongeza nguvu, ongeza raundi, yaani leza ipite hapo mara nyingi zaidi.

Nukta ni ndogo kuliko tundu unalotaka, so chora duara la 0.4 mm kwa EzCad, ile programu ya kuendesha leza, halafu ulijaze na maduara mengine ndani yake, usiache laini moja ya nje peke yake. Laini moja inachimba mfereji mwembamba, uji unakosa pa kutokea unagandia humo humo, na utapiga raundi mpaka uchoke. Mimi huanza na raundi 100, naangalia kipande cha majaribio, naongeza au napunguza. Kila tundu linachukua sekunde moja au mbili, kwa hivyo elfu mbili ni kama saa moja hivi, na omba stima isipotee hapo katikati maana kurudisha bati mahali pake kamili ni shida.

Fokasi utaijua kwa sikio. Panda na kichwa cha mashine, shuka pole pole, pale cheche ni nyeupe zaidi na sauti inalia kali, kavu, kama mafuta moto yameangukiwa na tone la maji, hapo ndipo. Kwa bati ya nusu mili huna haja ya kushusha kichwa katikati ya kazi, lakini ukifika 2 mm itabidi.

Bati yangu ya kwanza niliiharibu kabisa. Nilitoboa mstari kwa mstari, tundu likiisha naingia la jirani, nikidhani naokoa muda, na joto likakusanyika mahali pamoja, bati ikafura katikati kama chapati kwa kikaango, ilipofura fokasi ikapotea, na matundu ya huko yote hayakutokea upande wa chini. Sasa hivi naruka, natoboa moja naacha matano, narudi baadaye, na zile raundi 100 nazigawa mara tano ili chuma kipumzike. Bati nabana pande zote nne juu ya vyuma viwili, chini naacha nafasi ya hewa na tofali kuukuu la kupokea mwangaza ukishatokea. Kompresa inapuliza hewa kavu kutoka pembeni, isaidie kutoa vumbi lisirudi kwa lenzi.

Macho jamani. Mwangaza wa 1064 hauonekani, hutafumba jicho kwa sababu hujaona kitu, na stenlesi inaurudisha kama kioo. Miwani ya welding siamini kwa hii kazi, nunua iliyoandikwa 1064 na OD 6 kwenda juu (OD ni kiwango cha kuzuia mwangaza). Na ule moshi una kromi ndani yake, ni sumu kwa mapafu, weka feni na bomba la kuutoa nje.

Kupima matundu natumia nyuzi za gita, na Kisumu hazikosi. Seti ya 10 (yaani uzi mwembamba zaidi ni inchi 0.010) uzi wa kwanza ni 0.25 mm, wa pili 0.33, wa tatu 0.43. Wa pili ukipita na wa tatu ukikataa niko sawa. Pima upande wa chini, kwa sababu tundu la leza juu ni pana na chini ni jembamba.

Ukimaliza piga msasa laini pande zote mbili utoe chembe zilizogandia na ile rangi ya bluu na kahawia, ukiiacha hapo ndipo kutu huanzia. Kisha loweka kwa maji moto yenye asidi ya sitriki, suuza vizuri, kausha. Ile dawa ya mafundi ya kung'arisha welding ina asidi inayokula mpaka mfupa, sitaiweka kwa chombo cha chakula.

Na unapofunga chujio, upande wenye matundu membamba ndio uangalie juu, asali inakotoka. Kipande cha nta kikishapita mlangoni kinakuta njia inapanuka, kinaanguka. Ukigeuza kinaingia kinakwama katikati, na mteja atakurudishia chujio wiki hiyo hiyo akisema imeziba.